Siku Niliuza Bwana wa Mama Feza

Vijana wa Kindu, tuelewane mbele ya kuanza: muntu asiniite muzee. Niko retraité, niliacha kazi, ni kweli, lakini sina mvi, meno yangu iko yote, na ku mpira ya vétérans mimi njo nawekwaka mbele. Si mimi nilizeeka. Ni kazi yangu njo ilizeeka, ikakufa, ikaniacha mujane kijana.

Nilikuwa nakopiya kaseti. Kama hujui kaseti ni nini, uliza mama yako. Kama ye pia hajui, basi mama yako angali kijana sana, unisalimie yeye.

Juzi mutoto wa dada yangu, Zawadi, alikuja kunifagilia nyumba. Akafungua malle yangu, ile sanduku ya chuma, akashangaa.

— Mujomba, hii yote ni nini?

— Myuziki.

— Myuziki inajaza malle muzima? Mi niko na nyimbo ya dunia yote humu, na haijaze ata mufuko.

Akapiga-piga telefone yake kama muntu anapiga mugongo ya mutoto.

— Hiyo nyimbo ni yako?

— Naskiliza, basi ni yangu.

— Leta tuskilize.

Akafinya. Telefone ikazunguka, ikazunguka, kama kuku anatafuta pa kutagia. Kumbe munara ya rezo ya telefone ilikosa mafuta ya mazutu tena. Zawadi akaniangalia. Sikumucheka. Niliimba mimi mwenyewe, na nguvu, akakimbia na ufagio yangu.

Lakini nisidanganye: telefone si mubaya. Mwaka uliopita nilimuimbia Zawadi kipande ya wimbo moja nilipoteza tangu ujana. Dakika tano tu, akaipata. Nilitoka machozi, nikasema ni vumbi. Basi nikawa naskiliza kila asubui. Kisha siku moja wimbo haiko.

— Mujomba, wameitosha, wameiondoa mule.

— Nani ameitosha?

— Wenyewe.

— Wenyewe ni nani?

— Sijui.

Sasa ona. Mimi, kitu ikitoka mu malle yangu, mwizi namujua: ni Zawadi.

Tuache ile. Niwaambie kazi.

Wakati ya vita Kindu ilifungwa kama chupa. Treni haikuji, bato, ile meli ya muto, haikupanda, vitu ilikuja na ndege, ao juu ya kinga, baiskeli ya mutolekiste mwenye kusukuma pori nzima na miguu. Chumvi tulikuwa tunanunua kwa kijiko. Kama chumvi inauzwa kwa kijiko, kaseti mupya utaiona wapi? Kwa hiyo tulifuta ya zamani. Tulifuta masomo ya kingereza, ndiyo maana mupaka leo sijui kingereza. Tulifuta mahubiri. Tulifuta hotuba ya wakubwa, na ile tulikuwa tunafuta na furaha.

Kaseti, kwa juu, iko na meno mbili madogo. Ukiivunja, hakuna muntu ataingiza sauti ingine pale. Lakini kaseti ni mujinga. Unatafuna karatasi, unaziba tundu, inajizani imeota meno tena, inakubali kila kitu. Bande, ile utepe ya ndani, ikikatika, usiweke gundi: kata sawasawa na makasi, unganisha na vernis, rangi ya kucha, ngoja ikauke. Vernis nilikuwa naiba kwa dada yangu, mama ya Zawadi. Nusu ya nyimbo ya Kindu ilishikwa na kucha yake, na mupaka leo hajui.

Na pile, ile betri ya radio? Pile ikichoka, unaianika juu ya bati na jua ya saa sita. Inafufuka kama muntu ametoka malaria: inasimama, ndiyo, lakini usiitume mbali.

Yote ile nilifundishwa na Fundi Asumani. Alikuwa na dubulu-kaseti moja tu, mashine ya kaseti mbili, pale mutaa ya Kasuku karibu na soko, anaifunika na kitambaa kama bibi-arusi. Alikuwa anasali mara tano kwa siku, na katikati ya sala na sala anakopiya seben ya kuchezea mu bar. Nikamuuliza:

— Fundi, hii nyimbo ya walevi, ku mbingu wanasema nini?

— Mi siskilizi. Mi naangalia tu sindano kama inapanda vizuri.

Lakini kidole yake ya muguu ilikuwa inaskiliza, tena na mudundo.

Fundi alikuwa na sheria moja. Kaseti ya muntu ikiingia kwake kutibiwa, inazaa kwanza. Maana yake: mbele ya kuendelea na kazi, anatoa kopi, anaiweka ku etajeri, ile rafu ya kaseti, mupaka mwenyewe arudi kuchukua yake. Mimi niliona ni bure, kutupa kaseti mu wakati ya njaa ya kaseti. Jina yangu ni Idi, lakini watu walikuwa wananiita Bobine, ile gurudumu ya bande, juu nilikuwa nazunguka sana. Muntu anazunguka sana haskilizi sheria.

Sasa, sikilizeni.

Siku ya alhamisi akaingia Mama Feza. Huyu alikuwa anauza samaki ya kukausha, ya Lokandu. Bwana yake, Sefu, alikuwa mekanisie, fundi wa mashine ya bato. Alishuka na bato mupaka Ubundu, vita ikafunga muto nyuma yake, akabakia kule. Wakati ile watu walikuwa wanatumiana barua mu kaseti, juu karatasi kila askari wa njiani anaisoma, na tena wengi kati yetu kuandika ilikuwa shida. Sefu akasema maneno yake mu kaseti, ikafika Kindu ndani ya mufuko ya unga ya mucuruzi moja.

Ile kaseti, kwa Mama Feza, haikuwa tu salamu. Kitenge, yaya wa Sefu, ni kusema kaka yake mukubwa, alikuwa anatangaza kwamba Sefu alishakufa, kwa hiyo nyumba yake ya mutaa ya Mikelenge irudi kwa familia, na Feza achukue sufuria yake na watoto wake, arudi kwao Lokandu. Siku ya mungu, ni kusema jumapili, familia yote itaketi kukata maneno. Na ndani ya kaseti Sefu mwenyewe alikuwa anasema nyumba ni ya nani. Bahati mubaya, watoto waliicheza, radio ikakula bande.

Mama Feza akaiweka juu ya meza, bande inaning'inia kama utumbo ya kuku.

— Bobine, wanasema bwana yangu alikufa. Alikufa namna gani, na anakohoa humu ndani?

— Mama, kaa na amani. Huku kwetu ata wafu wanaimba.

Ni mimi nilisema vile. Mudomo yangu ile.

Nikaunganisha bande mimi mwenyewe, na vernis. Kazi safi. Kisha nikapanda juu ya nyumba kutosha pile yangu ku jua. Kule chini Fundi akazalisha kaseti. Kaseti tupu hakukuwa, akakamata moja ya korali ya zamani, akaingiza barua ya Sefu juu yake. Karatasi ya nje ikabakia ile ile: KORALI. Niliposhuka akanieleza. Lakini niliskiliza na sikio moja. Ingine ilikuwa inafuata dada moja anapita amejifunga kikwembe ya manjano.

Kesho yake ijumaa. Fundi akaenda muskiti, akaniacha mukubwa wa nyumba. Ijumaa ile moja tu, nikafanya makosa mbili.

Ya kwanza ilikuja na miguu ya Koko Monika. Alikuwa koko, bibi muzee, wa Alunguli ng'ambo ya muto, anavuka maji kila siku na furushi ya sombe, majani ya muhogo, juu ya kichwa. Siku ile aliuza yote.

— Mutoto, nipe kaseti. Lakini si ile yenu ya kutingisha matako. Nipe kitu ya Mungu.

Nikaangalia etajeri. KORALI. Nikamupa na mikono mbili, na baraka juu.

Ya pili ilikuja na muchimbaji wa zahabu mumoja ametoka Kampene. Kofia mupya, viatu mupya, haraka mupya. Anataka seben, sasa hivi, pirogi, ule mutumbwi, inamungojea. Juu ya meza nikaona kaseti moja bila jina, nikasema hii ni tupu. Meno yake ilivunjika, lakini tundu ilikuwa imezibwa na karatasi ya kutafuna. Sefu njo aliiziba kule Ubundu, ili aweze kuingiza sauti yake. Ukimaliza kutengeneza kaseti ya muntu, karatasi ya vile unaitosha. Mimi sikuitosha. Nikafinya kifungo mbili pamoja. Gita ikaingia tamu kabisa.

Muchimbaji akaonja kaseti yake. Gita, gita, gita, watu wanalia "yeee", kisha gita ikakatika na mwanaume akakohoa mara mbili. Akasema: "...asiguse ata bati moja. Na kambale, uniwekee moja ya mukubwa."

— Huyu anayeomba samaki katikati ya seben ni nani? muchimbaji akauliza.

Nikaizima mbio. Yule alikuwa Sefu, ao mukia ya Sefu. Kichwa na tumbo nilishafuta.

Nikakimbia ku etajeri kutafuta mutoto ya ile kaseti. Hapo njo maneno ya Fundi ya jana ikaniingia, imechelewa siku moja: korali haikuwa korali.

Fundi akarudi kutoka muskiti na uso ya amani. Nikamueleza yote. Hakupiga kelele. Aliniangalia kama vile unaangaliaka pile inavuja.

— Bobine, mwanamuke wa Alunguli, jina yake?

— Koko Monika, Fundi. Wa sombe.

— Vuka maji. Ukirudi na kaseti, kuja hapa. Ukirudi bila kaseti, usipite hapa, pita moja kwa moja kwenu.

Asubui ya jumamosi nikavuka. Kule Alunguli nikauliza Koko Monika wa sombe. Nyumba ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakanituma ya mwisho. Nikamukuta ameketi ku mulango, radio mbele yake, na mule ndani Sefu anaongea. Koko anamujibu!

— ...dawa ya Amisi umeipata? Sefu anauliza.

— Sijui, papa, Koko anasema, lakini tuombe ameipata.

Nikapiga magoti. Nikamueleza Mama Feza, nyumba, Kitenge, siku ya mungu. Akaskiliza, kisha akachukua radio, akaiweka nyuma ya mugongo yake.

— Nilingoja waimbe. Hawakuimba. Nikasema pengine ni mahubiri. Nikaskiliza tena. Hii si mahubiri, ni muntu. Mutoto, bwana yangu tuliishi naye miaka mingi, hakuniuliza ata siku moja kama nililala vizuri. Huyu ameniuliza mara saba tangu jana.

— Koko, anauliza Mama Feza.

— Mama Feza haiko hapa. Mi njo niko hapa.

— Nitakupa korali ya kweli. Tatu!

— Muliniuzia korali, mukanipa mwanaume. Sasa munataka mwanaume, munipe korali. Hii ni duka ya namna gani?

Nikaongeza, korali tano. Koko akatikisa kichwa, akasema:

— Kaseti haitoke mukono yangu. Lakini kesho kisha misa nitavuka nayo. Nataka kuona huyu Feza ni mwanamuke wa namna gani.

Vijana, telefone iwafundishe yote, lakini haitawafundisha aibu ya kuvuka muto na koko mwenye kukumbatia bwana wa muntu ndani ya kikwembe.

Siku ya mungu tukafika Mikelenge. Familia ilijaa mu kiwanja. Kitenge ku kiti ya mikono, muguu juu ya muguu, tayari anaangalia bati ya nyumba kama muntu anapima suruali. Pembeni, mama yao Bibi Mwayuma, muzee sana, juu ya mukeka. Mama Feza amesimama na watoto wake wane. Ku mulango ya kiwanja nilishamueleza makosa yangu. Hakunitukana. Alisema tu: "Bobine, tukitoka mu hii nyumba leo, tutakuja kulala kwako, sisi watano." Mi nilikuwa na kitanda moja, na ilikuwa ya ndugu yangu.

Nikaweka kaseti mu radio ya Fundi. Nikafinya.

Pile, wapenzi. Pile! Ile nilianika siku ya alhamisi ilishachoka. Pile ikichoka, bande inatembea pole pole, na sauti inashuka. Sefu akatoka mule ndani kama kiboko anaota: "Feeee... zaaaa... maaaa..."

Watoto wakacheka. Kitenge akasimama.

— Munaona? Huyu si ndugu yangu. Sefu hakuwa na sauti ya kiboko. Mwanamuke ameenda kuokota shetani mu duka ya kaseti!

Nikatosha pile. Nikasugua. Nikauma na meno. Nikarudisha. "Dooo... waaaa..." kisha kimya. Pile ikakata roho.

Kitenge akageukia wakubwa wa familia:

— Maneno imeisha.

— Imeisha wapi? Hajakohoa bado.

Ni Koko Monika. Watu wakageuka. Hakuna muntu alimujua. Akatua furushi yake, akafunga macho, akaanza, na mwendo ile ile ya Sefu, mupaka kupumua:

— "Feza mama wa watoto, ulilala vizuri? Dawa ya Amisi umeipata? Mi niko muzima, nimekonda tu kidogo, chakula ya huku, chumvi yake haiko. Nyumba ile nilijenga na mikono yangu, ni yako na watoto." Hapa anakohoa. Moja. Mbili. "Umuambie Kula-Mbegu asiguse ata bati moja. Na kambale, uniwekee moja ya mukubwa."

Kitenge alikuwa amefungua mudomo, akaisahau wazi. Na pale chini, ku mukeka, Bibi Mwayuma akaanza kucheka. Alicheka mupaka akashika mbavu.

— Mama, wewe wa Alunguli, nani alikuambia jina Kula-Mbegu?

— Ni huyu wa mu kaseti. Mi ata Kula-Mbegu simujui.

— Simama vizuri, Kitenge, wakuone! Walikuwa wadogo, yeye na Sefu. Nikawatuma shamba na njugu ya kupanda. Huyu akakula mbegu yote njiani, akafika shamba akaitapika mu mistari. Sefu njo alimupa ile jina, mi nikawakataza kuisema inje, juu ya haya. Hakuna muntu anaijua isipokuwa sisi watatu. Mutoto wangu angali muzima.

Mama Feza akashika kichwa.

— Mama! Mi nilizani Kula-Mbegu ni panya! Tangu kaseti ilifika nimetega mutego mara mbili!

Hapo ata wakubwa wa familia walishindwa. Kitenge akatafuta kofia yake, na kofia ilikuwa juu ya kichwa yake. Nyumba ikabakia. Mama Feza alinipa kofi moja ku mugongo, ya nguvu, kisha samaki moja. Sikuuliza kofi ilikuwa ya nini na samaki ya nini.

Kaseti yenyewe nilikopiya mara tatu juma ile ile, bure, na pile mupya Fundi alitosha mahali alikuwa anaficha. Moja ikabakia kwa Mama Feza, moja kwa Bibi Mwayuma, moja kwetu. Ya Koko Monika hakuna muntu alisubutu kuiomba.

Kazi iliendelea, kisha kaseti ikakufa, tukaingia mu kujaza nyimbo mu kadi ya telefone, kisha ile pia ikakufa, juu ya rezo ya Zawadi. Sisemi mutupe telefone yenu. Nasema tu: wimbo ao sauti ikikugusa, isiachwe mu mikono ya "wenyewe" ambao hata hamuwajui jina. Ishushe, iweke, kisha mupatie muntu ingine, na uchague muntu anaskilizaka.

Na Sefu? Muto ilifunguka. Siku bato ya kwanza ilipanda kutoka Ubundu, mi nilikuwa ku port kutafuta pile, na Kindu nzima ilikuwa pale kuona chumvi ikishuka kwa mufuko, si kwa kijiko. Mwanaume moja mukondefu akateremka, akauliza watu kama kuna muntu wa kumusaidia mizigo mupaka Mikelenge. Kusema tu vile. Mbele yake koko moja wa sombe akasimama gafula, furushi ikatikisika juu ya kichwa.

— Sefu!

Mwanaume akageuka.

— Mama, unanijulia wapi?

— Kohoa kwanza.

— Nini?

— Nakuambia kohoa.

Yule mwanaume akacheka, na kicheko ikageuka kikohozi. Moja. Mbili. Koko Monika akatua furushi yake chini.

— Ndiyo, nililala vizuri. Dawa ya Amisi ilifika, alipona, sasa anavunja vioo ya majirani na mpira. Nyumba iko. Bati nilihesabu mimi mwenyewe, hakuna ata moja ilitoka. Kambale, Feza alikuwekea ya mukubwa, lakini ulikawia, watoto wakaikula.

Sefu akaketi juu ya mufuko yake, katikati ya watu wanateremsha chumvi, akaskiliza majibu ya barua yake mupaka mwisho.